Mgeni wa Benchi la Nyuma

Jumapili ile ya kwanza, Mwinjilisti Simioni alidhani Mzee Kisyeri anamtania. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wamesimama nje ya kanisa wakipeana mikono, na mzee akamvuta pembeni kwa mkono wa koti.

"Mwinjilisti, mbona hukumkaribisha mgeni?"

"Mgeni gani, mzee wangu?"

"Yule aliyekaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mwenye shati la kijani na mabuti ya mvua. Ametoka mbali yule, ukimwangalia tu unajua."

Simioni alikuwa amehubiri saa nzima na ushei akiutazama mlango ule ule. Benchi la nyuma aliliona vizuri. Lilimkera hata, maana watu walikuwa wamebanana upande mmoja, goti kwa goti, halafu upande wa mlangoni wakaacha nafasi ya mtu mmoja, tupu kabisa.

"Sikumwona," alisema, akacheka kidogo. Mzee Kisyeri hakucheka.

Simioni alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kati ya hiyo, kumi na mmoja alikuwa ameitumia kulihudumia kanisa lile dogo la Nyarero. Kila mtu alijua sauti yake. Akianza kuomba, bati la kanisa lilivuma kama mvua inakuja, na watu walifunga safari kutoka Sirari kuja kuwekewa mikono. Yeye mwenyewe aliipenda sauti ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alijirekodi kwenye simu, na mchana, akipumzika kivulini nyuma ya nyumba, alijisikiliza amefumba macho, akitikisa kichwa pale palipomgusa.

Jumapili ya pili hakutaka kuaibika tena. Kabla ya mahubiri alisimama mbele akasema, "Kama yupo mgeni kati yetu, asimame atusalimie."

Hakusimama mtu. Lakini shingo zote ziligeuka kuelekea kona ya mlango. Watu wakatulia, kama wanaosikiliza. Vichwa vikaanza kuitikia polepole. Mama mmoja akaguna kwa huruma. Halafu kanisa zima likapiga makofi, na Lilian, kiongozi wa kwaya, akasema kwa sauti, "Karibu sana, jisikie nyumbani."

Simioni hakuwa amesikia neno. Aliona pazia la mlangoni likipepea, basi.

"Tuambie na jina lako, ndugu," alisema, akidhani labda mtu yuko nje.

Watu walitazamana.

"Si amelitaja sasa hivi, mwinjilisti?" alisema Lilian. "Anaitwa Nkwabi. Ametokea Shinyanga, alikuja kwenye dhahabu."

Wachache walicheka kwa heshima, wakidhani mawazo yake yako kwenye mahubiri. Simioni akafungua kitabu, akasoma, akahubiri, na jasho lilimtoka mgongoni mwanzo hadi mwisho. Baada ya ibada alisimama mlangoni kuwaaga watu. Alimwona Lilian akigeuka na kunyoosha mkono hewani. Vidole vyake vikajikusanya na kubanwa, vikageuka vyeupe kidogo kwenye ncha, kama vidole vilivyo ndani ya mkono mwingine mkubwa wenye nguvu. Mkono wake ukatikiswa mara mbili. Kisha vidole vikaachiliwa, na Lilian akaondoka akitabasamu.

Simioni aliinamisha macho. Sakafu ya udongo ilikuwa imenyunyiziwa maji asubuhi. Juu yake, kutoka benchi la nyuma hadi pale aliposimama, zilikuwapo nyayo mbichi za mabuti. Zilimpita, zikatoka nje, zikapotelea kwenye nyasi.

Hakumwambia mtu, hata mke wake Ghati. Alijiambia ni pepo. Lakini kitu kimoja kilimuuma: kama ni pepo, ilikuwaje mama wa kwaya amwone, Mzee Kisyeri mwenye mtoto wa jicho amwone, na yeye, ambaye watu walivuka wilaya kumfuata kwa ajili ya karama zake, asimwone? Alifunga siku tatu. Aliomba apewe macho ya kumwona adui na nguvu za kumfukuza. Hakuomba jambo jingine lolote.

Jumapili ya tatu aliingia kanisani midomo imekauka. Alitazama benchi la nyuma. Agatha, binti mdogo wa Lilian, alikuwa amekaa pale mwisho, lakini alikuwa amekaa juu mno. Miguu yake ilining'inia, na kati ya makalio yake na ubao wa benchi palikuwa na hewa tupu. Mtoto alikuwa akicheza na kitu kisichoonekana mbele ya kifua chake, akikifungua na kukifunga, kama kifungo cha shati.

Simioni alipiga kelele. Alinyoosha mkono wake wote kuelekea kona ile.

"Wewe uliyeingia katika nyumba hii bila haki! Katika jina la Yesu, nakuamuru, toka! Mwachilie mtoto! Toka, usirudi tena!"

Bati lilivuma. Agatha alishuka, au alishushwa, taratibu, miguu yake ikagusa sakafu. Macho ya kanisa zima yakahama kutoka benchi hadi mlangoni, kidogo kidogo, kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Pazia likasogezwa pembeni. Likaachwa likarudi. Simioni alingoja "amina," na hakuna aliyeitoa. Lilian alikuwa analia.

Mzee Kisyeri alisubiri mpaka watu watawanyike.

"Mura," alisema, kama anayemwita kijana mdogo, na katika miaka yote kumi na mmoja hakuwahi kumwita hivyo mahali pa kanisa, "yule ni mtu. Anakula ugali nyumbani kwangu. Anamfyatulia Lilian matofali. Umemfukuza mtu aliyekuja kuomba na sisi, na umemwita shetani mbele ya watoto."

Nyumbani Ghati alikuwa ameketi kwenye kigoda, hajavua kitambaa cha kanisani.

"Mama Emanueli," Simioni alimwambia, "mimi simwoni."

"Humwoni nani?"

"Huyo mtu. Tangu siku ya kwanza. Simwoni, simsikii. Naona benchi tupu."

Ghati alivua kitambaa akakikunja. Kisha akasema polepole, "Lakini alikuja hapa nyumbani, Baba Emanueli. Mwezi wa tatu. Ulikuwa mezani unaandika mahubiri. Mdogo wake alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye duara, shimo la dhahabu, kule machimboni, wakashindwa kumtoa. Alikuja kukuomba uende ukaombe pale juu ya shimo. Ukamwambia aje kesho. Hukuinua kichwa. Alisimama pale mlangoni mpaka nikampa maji. Kesho yake akaja, wewe ukawa umekwenda Sirari kwenye mkutano."

Simioni alijaribu kukumbuka uso, akakosa. Alichokumbuka ni kivuli kilichoangukia daftari lake siku moja, na jinsi alivyolisogeza daftari kwenye mwanga.

Kama mambo yangeishia hapo, pengine angejipatia maelezo akayazoea. Lakini Jumatatu asubuhi, akiwa njiani kwenda shambani, alikutana na ng'ombe wa Mzee Kisyeri. Walikuja kwa mstari, kengele zinalia, na hakukuwa na mchungaji nyuma yao. Fimbo ilikuwa ikielea kwa urefu wa bega la mtu. Ilinyanyuka, ikashuka juu ya mgongo wa dume mmoja, ikasimama hewani. Heche, mtu mzima mwenye mke na watoto watano, alikuwa akichunga ng'ombe wale tangu Simioni ahamie Nyarero. Walipishana njia ile karibu kila siku. Simioni alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsalimia, asiikumbuke.

Jumanne alisikia ufagio kanisani. Aliingia akitarajia kumkuta Bibi Agustina, mjane aliyefagia pale kila siku bila kutumwa na mtu. Ufagio ulikuwa unafagia. Ulikwenda na kurudi chini ya mabenchi kwa utaratibu, na nyuma yake maji yalirushwa kutoka kwenye kopo, matone yakitua kwenye udongo. Ulisimama ghafla, kama mtu aliyemwona mkubwa wake akainuka kumsalimu. Ukangoja. Simioni alitoka kinyumenyume.

Jumatano kwenye maombi ya mchana alihesabu watu wanne. Wimbo ulipoanza, midomo minne ilifunguka. Vitabu vya nyimbo vilivyofunguliwa vilikuwa saba.

Alirudi nyumbani, akamkuta Ghati anachambua mboga za mgagani. Akasimama mlangoni anamkazia macho.

"Kuna nini?"

"Nataka kukuona tu."

Maana hilo ndilo aliloliogopa. Ni lini, alijiuliza, alikuwa amemwangalia mwanamke huyu, akamwangalia kweli? Alikuwa na kovu dogo chini ya kidevu. Lilitoka wapi? Hakujua. Na alihisi, au alidhani alihisi, kwamba ukingo wa bega lake ulikuwa umeanza kufifia, kama maandishi yaliyopigwa jua.

Aliingia chumbani akapiga magoti. Alianza kama alivyozoea, akimwita Bwana wa mbingu na nchi kwa majina yake makuu, na maneno yakamtoka vile vile yalivyokuwa kwenye simu, na ile kwikwi ndogo ya kilio ikaja mahali pake pale pale, bila kilio chochote ndani yake. Alisimama katikati ya sentensi. Ilikuwa kama kusikia mtu mwingine chumbani akimwigiza.

Baada ya muda alisema, "Bwana, sioni."

Hakikuja kitu. Hapakuwa na sauti wala joto kifuani. Alibaki magotini mpaka yakauma, na hakuongeza neno, kwa sababu alikuwa hana. Ghati alipoingia kumwita chakula alimkuta hivyo. Naye akapiga magoti kando yake. Simioni alisikia anavyopumua. Baadaye akamuuliza juu ya lile kovu.

"Nilianguka na mtungi nikiwa na miaka tisa," alisema Ghati. "Hujawahi kuniuliza."

Jumapili alisimama mbele ya watu bila koti. Aliwaambia yote: mgeni asiyemwona, fimbo, ufagio, vitabu saba. Aliwaambia kuhusu mtu aliyeambiwa aje kesho. "Nimekuwa nikiombea watu ambao siwatazami," alisema. "Sasa Mungu ameniacha nivune nilichopanda. Wengine mko hapa siwaoni. Nisameheni, nanyi mniombee."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Benchi lililia, watu wakatoka; familia mbili zilihama siku ile ile na hazikurudi. Wazee wa kanisa walikaa nje kwa muda, kisha Mzee Kisyeri akamwambia, bila ukali, kwamba mimbari ataiacha kwanza, Lilian ataongoza ibada. Simioni alikubali. Aliuliza kitu kimoja tu: Nkwabi yuko wapi?

"Tangu umfukuze, anashinda kule machimboni," alisema mzee. "Juu ya lile duara."

Ghati alimpeleka Jumatatu asubuhi. Ulikuwa mwendo wa saa moja hadi bondeni, mahali ambapo wachimbaji walikuwa wamehama wakaacha ardhi imetobolewa kama chujio. Maduara yalikaa wazi, meusi, bila uzio, na upepo ulipopita juu yake yalitoa mlio wa chini, kila moja na wake. Hakukuwa na ndege. Ghati alisimama mbele ya shimo moja lililojaa mawe na udongo.

"Habari za hapa, Nkwabi," alisema.

Simioni aliona kifusi, na kofia ya plastiki iliyopasuka. Alipiga magoti.

"Ndugu Nkwabi, nimekuja kukuomba radhi. Ulikuja nyumbani kwangu na msiba, sikukuangalia. Ulikuja kanisani, nikakufukuza." Alingoja. "Anasema nini?"

"Hajasema kitu," alijibu Ghati. "Anakutazama."

"Yuko wapi?"

"Mbele yako. Ukinyoosha mkono utamgusa."

Hakunyoosha mkono. Alikaa pale chini ya mtazamo ambao hakuweza kuurudisha, jua likipanda, shimo likinguruma polepole, na kwa mara ya kwanza alijua jinsi mtu anavyojisikia anapongoja kuangaliwa na kuamuliwa hatima yake.

"Anasema hataki maneno," Ghati alisema mwishowe. "Anasema ng'ombe wanapita hapa, wanamkanyaga mdogo wake, Jilala. Anataka kujenga uzio wa mawe, na mawe makubwa hayabebeki na mtu mmoja."

"Mwambie nitabeba."

"Mwambie mwenyewe. Anakusikia."

Walifanya kazi siku nne. Ghati alirudi nyumbani, na Simioni akabaki peke yake na mtu asiyemwona. Mawe makubwa waliyafunga kwa kamba kwenye mti wa kubebea, wakayabeba begani. Simioni aliinua ncha yake, na ncha ya pili ikapanda yenyewe, mti ukakaa sawa, wakaenda. Mwanzoni aliogopa kutazama nyuma. Mabuti yaligonga changarawe hatua mbili kutoka kisigino chake, bila miguu. Jiwe lilipoteleza siku ya pili, kitu kilimkamata kiwiko kikamvuta kabla halijamvunja mguu. Ulikuwa mkono mgumu kama gome la mti, na kidole cha mwisho hakikuwapo.

"Asante," alisema kwenye hewa.

Siku ya tatu alianza kumsikia akihema. Kisha kikohozi. Walipopumzika, Simioni aliuliza, asijue kama atajibiwa, "Jilala alikuwa mtu wa namna gani?"

Jibu lilikuja kwa mbali sana, dogo, kama limepanda kutoka chini ya udongo. "Alikuwa na mzaha. Alicheka hata shimoni." Simioni alitazama kifusi, na kwa muda hakujua ni ndugu yupi anayeongea naye. Alibaki ameketi, hakukimbia. Aliuliza tena. Sauti ikaendelea kusimulia, ikisogea karibu kidogo kila neno, mpaka ikawa ya mtu aliyeketi kando yake kwenye jiwe, mwenye lafudhi nzito ya Kisukuma na mafua.

Jioni ile, akirudi, alikutana na ng'ombe njiani, na nyuma yao alikuja mtu mwembamba mwenye koti la mvua lililochanika.

"Heche!" Simioni alimshika mikono yote miwili. "Heche, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mwinjilisti," alisema Heche kwa mshangao. "Ila wa tatu ana homa."

Walikwenda pamoja mpaka kwake. Simioni hakuomba kwa sauti kubwa. Alimwuliza mtoto jina lake, akamshika mguu uliokuwa wa moto, akasema maneno machache. Kisha akambeba kwenda zahanati, kwa kuwa mama yake alikuwa mjamzito na njia ni ndefu.

Uzio ulipokamilika Alhamisi, sauti ilisema, "Sasa omba."

"Hapana," alisema Simioni. "Alikuwa mdogo wako. Omba wewe."

Nkwabi aliomba kwa Kisukuma. Simioni hakuelewa zaidi ya jina la Jilala na jina la Yesu. Aliinamisha kichwa, na upepo ulipopita juu ya mashimo, duara lile moja halikulia.

Akamwalika nyumbani. Ghati alikuwa amepika ugali wa mtama na kuku, na aliposhika jagi la maji ya kunawa, Simioni alilichukua kutoka mkononi mwake. Aliinama mbele ya kiti, akamimina taratibu. Maji hayakuanguka moja kwa moja kwenye beseni. Yaligawanyika hewani, yakazunguka kitu, yakafuata mistari ya viganja, yakatiririka kati ya vidole vinne upande mmoja na vitano upande wa pili. Halafu akaiona mikono yenyewe, myeusi, imepasuka, ina udongo mwekundu kwenye kucha. Aliendelea kumimina, akaogopa kuacha. Akapandisha macho. Alikuwa mtu mfupi, mzee kuliko alivyodhani, mvi kwenye ndevu, na macho yake yalikuwa yamechoka sana.

Ghati aligeukia ukuta akajifuta uso.

Walikula. Baada ya chakula Nkwabi alikaa akiigeuza simu yake ndogo mikononi.

"Mama yetu, Ng'washi, hajui," alisema. "Tangu mwezi wa tatu namdanganya. Kila akipiga namwambia Jilala yuko chini, kazini."

"Tumpigie," alisema Simioni. "Nitakaa hapa."

Nkwabi alipiga. Aliongea kidogo tu, kwa lugha yao, na kutoka kwenye simu kikatoka kilio ambacho Simioni hakuhitaji kutafsiriwa. Kilidumu. Nkwabi alishindwa, akamkabidhi simu, akafunika uso.

Simioni aliiweka sikioni. Sauti yake kubwa ilikuwa imekauka kwa vumbi la mawe, na hakuitafuta.

"Shikamoo, mama. Naitwa Simioni. Nimekaa na Nkwabi hapa nyumbani kwangu."

Mwanamke alilia, akavuta pumzi, akalia tena. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Mwanangu mdogo, baba, mlimwombea?"

"Tulimwombea leo, mama. Aliyeomba ni kaka yake. Mimi nilisema amina."